Kabla ya Birika Kulikuwa na Uzi

Kila nikikutana na tangazo la kutoa sumu mwilini "kwa njia za kale za yoga", najiuliza: hao wa kale wenyewe walisemaje? Maana maandishi yao yapo, na yanasomeka.

Kinachotajwa zaidi ni Hatha Yoga Pradipika, kitabu kilichoandikwa na Svatmarama huko India katika karne ya 15. Humo mna njia sita za kujisafisha: dhauti, basti, neti, trataka, nauli (siyo ile ya daladala) na kapalabhati. Dhauti ni kumeza polepole kitambaa kilicholoweshwa, upana vidole vinne, urefu dhiraa 15, kisha kukivuta kitoke. Basti ni kuchutama majini hadi kitovuni na kupandisha maji kwa njia ya haja kubwa. Na neti? Hakuna birika la maji ya chumvi hapo. Ni uzi laini wa shubiri moja, unaingia puani na kutokea mdomoni.

Inatisha, najua. Lakini kabla ya kueleza lolote, Svatmarama anaweka sharti: haya ni kwa mwenye mafuta au makohozi yaliyozidi. Wengine wasiyafanye. Dhauti nayo ifanywe kwa maelekezo ya mwalimu. Kisha anakiri kwamba wapo walimu wasiozitaka kabisa njia hizi, kwao mazoezi ya pumzi yanatosha. Ukisoma kwa jicho la fasihi, unamsikia mtu anayeandika katikati ya ubishi. Kwa hiyo ule mdomo wa "wazee wote walifanya" hauna mashiko.

Mwaka 1924 Swami Kuvalayananda alifungua taasisi ya Kaivalyadhama huko Lonavla, akaanzisha na jarida la Yoga Mimamsa. Yeye hakutosheka na sifa za mdomoni. Alitumia eksirei na vipimo vya shinikizo, akaonyesha kwamba wakati wa nauli shinikizo ndani ya utumbo mpana hushuka, na ndiyo sababu maji hupanda yenyewe kwenye basti. Jambo lililodhaniwa muujiza likapata maelezo.

Siku hizi kilichosambaa zaidi ni birika la kusafishia pua. Faida yake ni ya kweli, ingawa ni ya kiasi: maji ya chumvi huwapa nafuu watu wengi wenye mafua ya mzio au uvimbe sugu wa sinasi. Ila mwaka 2011, jimboni Louisiana, Marekani, watu wawili walifariki baada ya kusafisha pua kwa maji ya bomba yasiyochemshwa. Amiba aitwaye Naegleria fowleri alipita puani hadi kwenye ubongo. Maji hayohayo ukiyanywa, amiba huyo hakudhuru. Puani ni habari nyingine, na chumvi ya birika haimuui.

Tukio hilo ni nadra sana, lakini kinga yake ni rahisi: chemsha maji yatokote kwa dakika 1 (dakika 3 kwa wanaoishi zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari), yaache yapoe, na chombo kiwe safi. Kunywa lita kadhaa za maji ya chumvi ili kusafisha tumbo ni hatari zaidi, hasa kwa mwenye presha, figo au moyo. Na hiyo "sumu" inayotangazwa, ini na figo ndizo zinazoishughulikia kila siku.

Sizikejeli njia hizi. Ninachodai ni kwamba wanaoziuza leo wauze na sharti lake. Svatmarama alianza kwa kutaja nani anazihitaji na nani aziache. Ukiona tangazo linalosema zinamfaa kila mtu, jua hapo kitabu hakijafunguliwa.