Mombasa na Malindi

Mwaka 1498 merikebu za Vasco da Gama zilitia nanga Mombasa. Wenyeji walimshuku, naye akaondoka upesi. Siku chache baadaye alifika Malindi, akalakiwa kwa hisani na kupewa rubani wa kumvusha mpaka Bara Hindi. Mbona miji miwili ya dini moja na lugha moja ilimpokea mgeni yule yule kwa namna mbili?

Sababu ni uhasimu. Mombasa ilikuwa na nguvu na bandari bora, na Malindi, iliyoihofu, ikamfanya Mreno kuwa ngao yake. Mwaka 1505 Wareno waliichoma moto Mombasa, na mwaka 1528 wakaipiga tena, wakisaidiwa na Malindi. Mwaka 1589 Wazimba waliiangamiza. Ndipo Wasegeju, marafiki wa Malindi, wakaiteka Mombasa, na Sheikh Ahmad wa Malindi akahamia huko kutawala.

Je, Malindi ilishinda? La. Mwaka 1593 Wareno walianza kujenga Ngome ya Yesu huko Mombasa, na Malindi ikafifia. Hasan, mwana wa Ahmad, aligombana na kapteni wa ngome, akauawa mwaka 1614. Mwaka 1631 Yusuf, mwana wa Hasan, akawaasi Wareno na kumwua kapteni wa siku zile. Urafiki alioufurahia babu, mjukuu aliukata kwa upanga.

Wahenga walisema: vita vya panzi, furaha ya kunguru. Amwitaye mgeni amshinde jirani yake, na ajiulize kwanza ni nani atakayemtoa mgeni huyo nyumbani.