Kamati ilikwama, kijana akajenga

Donald Bitzer, aliyefariki Desemba 2024 akiwa na umri wa miaka 90, wanamkumbuka zaidi watu wa televisheni. Yeye, Gene Slottow na mwanafunzi wao Robert Willson ndio waliobuni kioo cha plasma mwaka 1964, na kwa kazi hiyo alipewa tuzo ya Emmy ya ufundi mwaka 2002. Lakini mhandisi huyo hakuwa akitafuta televisheni. Alikuwa akitafuta kioo cha kufundishia.

Darasa lenyewe lilikuwa Chuo Kikuu cha Illinois, mjini Urbana, na mfumo uliitwa PLATO. Ulianza kufanya kazi mwaka 1960. Mhadhiri wa leo anayepandisha maswali ya jaribio kwenye Moodle usiku wa manane, awe Dar es Salaam au Kampala, anapita njia iliyofyekwa huko. Historia hiyo imeandikwa kwa kirefu na Brian Dear katika kitabu chake cha mwaka 2017, The Friendly Orange Glow, jina linalotokana na mwanga wa rangi ya chungwa wa vile vioo vya plasma. Dear anawapenda mno watu wake, na msomaji atanisamehe nami nikivutwa upande huo.

Setilaiti ya Sputnik ya Wasovieti ilikuwa imekwishawatia Wamarekani hofu kwamba shule zao zimelala. Mwanafizikia Chalmers Sherwin akamwendea mkuu wa kitivo cha uhandisi, William Everitt, na wazo: kwa nini kompyuta isifundishe? Everitt akamwachia jambo hilo Daniel Alpert, naye mwanafizikia, aliyekuwa akiongoza maabara. Alpert akafanya wanalofanya wakubwa wa vyuo vikuu kote duniani. Akaunda kamati.

Walikaa wahandisi, wanahisabati, wanasaikolojia na watawala. Wiki zikapita. Kila fani ilikuja na mashine yake kichwani, na muundo mmoja wa kukubaliana haukupatikana. Yeyote aliyewahi kukalia kikao cha mitaala anaijua hewa ya chumba kile: chai inapoa, muhtasari wa kikao kilichopita unasahihishwa upya, kisha inapangwa tarehe nyingine. Alpert alikuwa karibu kukiri kwamba imeshindikana ndipo alipomdokezea Bitzer, kijana wa maabara yake. Kijana akajibu kwamba jambo hilo amekuwa akilifikiria, na kwamba anaweza kujenga mfano wa kuonyesha watu.

Hakuitisha kikao. Alichukua televisheni na vitufe vichache, akaviunganisha na ILLIAC, kompyuta ya chuo ya mwaka 1952 iliyosheheni taa za kioo 2,800 kama zile za redio za zamani. Jitu zima hilo lilihudumia mwanafunzi mmoja tu kwa wakati. Mwaka uliofuata wakawa wawili. Bitzer alikuwa na miaka 26 mfumo ulipoanza.

Dear anaishangilia sana hadithi hii, na ni rahisi kuicheka kamati. Lakini swali la kama mashine ingefundisha vizuri kuliko mwalimu halikufa pamoja nayo. Tathmini iliyofanywa na taasisi ya upimaji wa elimu ya Marekani, ETS, miaka ya 1970 katika vyuo vya miaka miwili ilikuta kwamba wanafunzi waliupenda mfumo, ila haikuthibitisha kwamba waliwazidi kwa alama wenzao waliofundishwa kwa chaki. Wanasaikolojia wale walistahili kusikilizwa zaidi.

Kwa maoni yangu, mtu aliyeiokoa PLATO alikuwa mwanafunzi wa biolojia, Paul Tenczar. Mwaka 1967 alitunga TUTOR, lugha nyepesi ya kuandikia masomo, na mhadhiri hakulazimika tena kumpigia magoti mhandisi. Stanley Smith aliandika masomo ya kemia ambamo mwanafunzi alitenganisha vimiminiko kwa joto bila kuvunja hata chupa moja ya maabara. Richard Scanlan alifundisha Kilatini. Somo lilikuwa mali ya anayelifundisha, na lisipoeleweka alilirekebisha mwenyewe.

PLATO IV ilikuja mwaka 1972 na kioo cha kuguswa kwa kidole. Mwaka 1973 David Woolley, kijana wa miaka 17, alitengeneza baraza la kuandikiana hoja, na vijana wakajaza usiku kwa michezo hadi ikabidi itungwe programu ya kuwazuia, ikaitwa Enforcer.

Kisha ikaja biashara. Kampuni ya Control Data, chini ya William Norris, ilimwaga mamilioni ya dola ili kuiuza PLATO. Kwa dola 50 kwa saa, mashine ikawa ghali kuliko mwalimu.

Hata hivyo ilifika Afrika. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Chuo Kikuu cha Western Cape, kilichoanzishwa na serikali ya ubaguzi kwa ajili ya watu iliowaita machotara, kilikuwa na vituo vingi vya PLATO kuliko chuo kingine chochote Afrika Kusini, vikitegemea kompyuta ya shirika la umeme la Eskom huko Johannesburg. Chuo hichohicho baadaye kiliandika mfumo wake wa kufundishia, KEWL, na kikashirikiana na vyuo vingine vya bara hili, vikiwemo Makerere na Dar es Salaam. Siku hizi vyuo vyetu vingi vimehamia Moodle.

Lakini somo la Tenczar hatujalishika: tumekuwa hodari wa kununua mashine. Zabuni ya vishikwambi hutangazwa kwa mbwembwe, mhadhiri huitwa kwenye mafunzo ya siku mbili, hupewa cheti, halafu hurudishwa kwenye vipindi vilevile na wanafunzi walewale mia tatu. Muda wa kutunga somo haumo kwenye mkataba wake. Wanaoandaa bajeti za vyuo kwa mwaka ujao wa masomo waandike kwanza fungu la kumpunguzia mhadhiri vipindi, ndipo waandike fungu la mashine.