Kijana wa Glasgow, hesabu za Mfaransa na maji ya bamvua Kilindini

Mwaka 2028 una kumbukumbu mbili ambazo Mombasa ingefaa kuziadhimisha pamoja. Itatimia miaka 100 tangu mkutano wa Juni 1928, uliofanyika papa hapa, ulipoamua kwamba Kiunguja, wala si Kimvita chetu, ndicho kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Itatimia pia miaka 150 tangu Alexander Freeman wa Cambridge alipokitoa kwa Kiingereza kitabu cha Mfaransa Joseph Fourier juu ya nadharia ya joto, kilichochapishwa mwaka 1822.

Kitabu cha joto kina nini na mvuvi wa Mtongwe au abiria wa feri ya Likoni? Kina mengi. Fourier alionyesha kwamba mstari unaopanda na kushuka kwa kujirudia, hata ukipindapinda, unaweza kupatikana kwa kujumlisha mawimbi sahili ya saini na kosaini. Maji ya Kilindini huenda vivyo hivyo. Wimbi litokanalo na mwezi hurudi kila baada ya saa 12 na dakika 25, la jua kila baada ya saa 12. Mawimbi hayo mawili yakipanda pamoja, ni bamvua, na tofauti kati ya kujaa na kupwa hukaribia mita 4. Yakipingana, ni maji mafu.

Waingereza walikaa miaka 56 bila tafsiri kamili ya kitabu hicho, na katika muda huo walikigombania. Silvanus Thompson, aliyeandika maisha ya mwanafizikia Lord Kelvin mwaka 1910, anasimulia kwamba Kelvin, wakati huo akiitwa William Thomson, alikisoma kwa Kifaransa Mei 1840 akiwa na miaka 15. Aliazima nakala ya maktaba ya chuo Glasgow na kuimaliza kwa wiki mbili. Kiangazi hicho baba yake, profesa wa hisabati, aliwapeleka watoto Ujerumani wajifunze Kijerumani. William alimficha Fourier mizigoni, akawa anateremka chumba cha chini ya nyumba kumsoma kwa siri. Baba aligundua, lakini hakumkaripia sana.

Kilichomchoma William ni maneno ya Philip Kelland, profesa wa Edinburgh, aliyeandika kwamba karibu hesabu zote za Fourier za kujumlisha mawimbi zina makosa. Kijana alizipitia upya na kuona aliyekosea ni Kelland. Makala yake ikatoka Mei 1841 katika jarida la hisabati la Cambridge, chini ya herufi P.Q.R. tu. Profesa mzima akasahihishwa na mtoto aliyejisomea kitabu kwa lugha ya wenyewe! Kwangu mimi hapa ndipo Fourier alipoingia Uingereza kwa kweli. Freeman alikuja baadaye kufungua mlango kwa wengine.

Thomson hakuishia kwenye karatasi. Mwaka 1872 alibuni mtambo wa magurudumu na kapi uliojumlisha mawimbi 10 na kuchora kwa kalamu maji yatakavyojaa na kupwa bandarini. Kompyuta zilikuja baadaye, lakini hesabu ni ile ile. Majedwali ya maji yanayotolewa na Mamlaka ya Bandari ya Kenya yanatokana na kazi hiyo.

Na hesabu hii kwa Kiswahili je? Dar es Salaam ilitoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Kwetu Kenya, hisabati ya sekondari bado ni Kiingereza kitupu. Mtoto wa Kisauni anayejua kusoma maji kwa siku za mwandamo wa mwezi hufundishwa mkunjo wa saini kana kwamba hajapata kuuona maishani. Huo ni upotevu, na unaniuma.

Katiba ya 2010 imekifanya Kiswahili lugha rasmi. Basi 2028 uitishwe mkutano mwingine Mombasa, mara hii juu ya istilahi za hisabati, na manahodha wa Likoni, wavuvi wa Mtongwe na marubani wa bandari waketi meza moja na walimu.