Yaliyo Chini ya Kikapu

(Mazungumzo ya redio. Soma Yoshua 7; Mithali 28:13; Luka 19:1-10)

 

Sisi watu wa chai tunajua kwamba mchumaji mwema huchuma majani mawili na kichipukizi. Lakini yuko mwingine ambaye huchuma hata majani magumu ili apate uzito, kisha huyaweka chini na kuyafunika kwa majani mazuri. Akipita njiani watu humsifu. Ajabu ni kwamba akifika kituoni karani hashughuliki na yale ya juu. Huyamwaga yote mezani na kuyatandaza kwa mkono, na ya chini huja juu.

Dhambi ya siri ni majani yale. Akani aliificha fedha, dhahabu na joho zuri ardhini katikati ya hema yake. Jirani zake hawakujua kitu, lakini taifa zima lilishindwa vitani kwa ajili ya hema moja. Mungu aliwapitisha kabila kwa kabila, jamaa kwa jamaa, mpaka akafikiwa mtu mmoja. Akani alikuwa na nafasi ya kujitokeza mapema. Alingoja mpaka alipofikiwa.

Sasa tuitazame historia ya nchi yetu. Kwa miaka kama kumi jirani zetu Wanandi walipigana na Waingereza, wakiongozwa na Koitalel arap Samoei wa ukoo wa Talai. Tarehe 19 Oktoba 1905 aliitwa kwenye mazungumzo ya amani na afisa mmoja wa jeshi, Richard Meinertzhagen. Koitalel hakurudi nyumbani. Yeye na wenzake waliuawa pale pale kwa risasi. Wanandi wanasimulia kwamba alipigwa alipokuwa akinyosha mkono wa salamu. Yule afisa alisema kwamba yeye ndiye aliyetegewa hila. Alichunguzwa mara tatu, na mara tatu akaambiwa hana hatia. Hata hivyo mwaka 1906 aliondolewa katika nchi hii.

Aliishi miaka mingi baada ya hapo, akasifiwa kuwa shujaa na mtaalamu mkubwa wa ndege. Mwaka 1957 alichapisha kitabu cha kumbukumbu zake za Kenya, akiendelea kujitetea. Alikufa mwaka 1967, na kikapu chake kilikuwa bado kizuri kwa juu. Lakini katika miaka ya 1990 wataalamu waliichunguza ile hazina ya ndege aliyoikabidhi jumba la makumbusho huko London. Wakaona kwamba ndege wengine alikuwa amewaiba katika mikusanyo ya watu, akabandika vibandiko vipya vyenye mahali na tarehe za uongo. Mtu aliyeaminiwa na mabaraza matatu hakuweza kuwaficha hata ndege waliokufa. Na mwaka 2006 fimbo za Koitalel, zilizokuwa zimekaa Uingereza miaka mia moja, zilirudishwa Kenya kutoka kwa jamaa yake.

Mpendwa, mambo haya si ya Nandi peke yake. Kipchomber arap Koilegen, ndugu yake Koitalel, alikuja kwetu Kipsigis akawa kiongozi, na mwaka 1914 serikali ya kikoloni ikamhamisha kwa nguvu. Baada ya vita vya kwanza vya dunia, ardhi ya Wakipsigis walipokuwa wakilisha ng'ombe ilitolewa kwa maafisa wa Kiingereza waliojeruhiwa vitani. Kilimo chao cha kitani kilishindwa, na katika miaka ya 1920 makampuni yakaja yakapanda chai. Mwaka 1934 ikatungwa sheria ya kuwaondoa Talai wote wa Kericho. Wanaume, wanawake na watoto walipelekwa Gwassi, karibu na Ziwa Victoria, mahali pa mbu na mbung'o. Wengi hawakurudi. Huenda majani uliyoyachuma jana yameota mahali palipokuwa na boma la mtu.

Tarehe 31 Oktoba 2023 Mfalme Charles wa Uingereza alikuja Nairobi, akasema kwamba ana huzuni na majuto makubwa kwa maovu waliyotendewa Wakenya walipopigania uhuru, na kwamba hayana udhuru. Tunashukuru kwa neno hilo. Lakini msamaha hakuuomba, na wazee wetu walikuwa wameungoja. Mwaka mmoja kabla yake walikuwa wamepeleka mashtaka yao katika mahakama ya haki za binadamu ya Ulaya. Hatuhukumu moyo wa mtu. Tujifunze tu tofauti hii: kusikitika ni jambo moja, na kusema "nimekukosea, nisamehe" ni jambo jingine. Sauli alisikitika, Daudi alitubu.

Je, kuna waliojimwagia kikapu wenyewe? Wako. Mwaka 1929, juu ya kilima cha Namirembe huko Kampala, daktari mmisionari Joe Church alikutana na Simeoni Nsibambi, Mganda aliyekuwa na njaa ya Mungu kama yeye. Church alikuwa ametoka Gahini, Ruanda, amechoka kwa kazi ya hospitali na njaa kali iliyoipiga nchi ile. Hawa wawili walisoma Biblia na kuomba pamoja, mweusi na mweupe, kila mmoja akijiona ni mhitaji. Mwishoni mwa mwaka 1933, katika mkutano wa maombi huko Gahini, Mkristo mmoja alisimama akaungama dhambi zake. Akafuata mwingine, na mwingine. Hawakuwa wapagani, walikuwa watu wa kanisa.

Moto ule ulienea Uganda, na mwaka 1937 ukafika Kenya. Watu walirudisha vitu walivyoiba na kulipa madeni waliyoyakana. Na wamisionari wazungu walisimama mbele ya Waafrika wakaungama kiburi cha rangi yao. Fikiri jambo hilo katika Afrika ya wakati ule! Miaka mitatu tu baada ya Talai kupelekwa Gwassi, mzungu anamwambia Mwafrika, "Ndugu, nimekudharau, nisamehe." Hakuna mahakama iliyomlazimisha. Msalaba ndio uliomlazimisha.

Nami naogopa kuhubiri juu ya vikapu vya wengine na kukiacha changu. Nilipokuwa kijana mdogo niliwahi kuficha majani magumu. Pale kituoni majani yangu yalimwagwa mezani, yakagusana na ya bibi mjane aliyekuwa mbele yangu, ambaye sote tulimwita Kogo. Karani akayaona magumu, akauliza ni ya nani. Nilinyamaza. Akadhani ni ya Kogo, akayakataa majani yake yote, akamkataza kuleta majani kwa wiki mbili. Nilimtazama akiyakusanya na kwenda zake.

Nilibatizwa, nikaoa, nikawa mzee wa kanisa, na kila niliposhika kikombe cha Meza ya Bwana niliiona meza ile nyingine. Nilimwambia Mungu mara nyingi. Lakini moyoni nilisikia swali moja: Je, Kogo umemwambia? Siku moja nilikwenda. Nilimkuta ameketi juani akichambua wimbi. Nilipomaliza kusema alikaa kimya kitambo, kisha akasema, "Mwezi ule karo ya binti yangu haikutosha. Alikaa nyumbani muhula mzima." Neno lile lilinichoma kuliko tusi. Nilikuwa nimedhani ni dhambi ya majani, kumbe ilikuwa dhambi ya mtoto aliyekosa shule. Nilimpa fedha niliyoileta. Aliihesabu, akaifunga katika leso, akasema, "Sasa tuombe." Tukaomba. Ule muhula siwezi kuurudisha, lakini sasa nampita Kogo njiani bila kuinamisha uso.

Basi tufanye nini? Kwanza, tumwombe Mungu atuonyeshe, kwa kuwa mtu hazijui dhambi zake zote. Asubuhi, kabla ya kushika kikapu, nyamaza kidogo mbele zake, nawe hutakosa kuonyeshwa jina la mtu. Pili, ungamo lilingane na kosa. Lililo kati yako na Mungu, mwambie Mungu. Lililomwumiza jirani, mwambie jirani. Usilitangaze mbele ya watu jambo litakalomwaibisha asiye na hatia. Tatu, rudisha. Zakayo hakuishia kulia, alihesabu fedha.

Tena tusilifanye neno la msamaha kuwa kifuniko. Mwaka 2023 waandishi wa habari walifichua kwamba wako wasimamizi katika mashamba ya chai ya Kericho waliowadai wanawake miili yao ndipo wawape kazi. Mtu wa namna hiyo asikimbilie madhabahuni ili kuikwepa sheria. Atubu kwa Mungu, naye akubali kujibu mbele ya sheria. Nawe dada uliyetendewa hayo, dhambi si yako. Usibebe kikapu cha mtu mwingine.

Ndugu yangu, iko siku kila kikapu kitamwagwa. Meinertzhagen alifunikiwa na mabaraza matatu, na bado yalitoka. Wale wa Gahini walitangulia kujimwagia wenyewe, wakaondoka wakiimba. Leo meza iko mbele yako, na anayesimama hapo ni Yeye aliyeichukua hukumu yako msalabani. Mwaga sasa, kungali mchana.

Na tuombe. Ee Bwana, tumeyapanga yaliyo juu ili watu watusifu, na ya chini unayajua Wewe. Tupe ujasiri wa kwenda kwa yule tuliyemkosea kabla jua halijatua. Tuoshe kwa damu ya Mwanao. Iponye nchi hii na majeraha yake ya zamani. Kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.