Reli ya Pongwe na Vita vya Tanga, 1914

Ndugu wana-Pongwe, tuta la reli tunalolivuka kila siku lina historia kubwa kuliko linavyoonekana.

Ujenzi wa reli ya Usambara, ya kwanza katika nchi ambayo leo ni Tanzania Bara, ulianza Tanga mwaka 1893. Mwaka 1894 ilifika Pongwe, na kwa muda hapa kwetu ndipo palipokuwa mwisho wa safari. Muheza ilifikiwa mwaka 1896. Kampuni iliishiwa fedha, serikali ya Wajerumani ikaichukua kazi, na mwaka 1911 njia ikafika Moshi.

Miaka mitatu baadaye ndiyo iliyookoa Tanga mikononi mwa Wajerumani. Tarehe 2 Novemba 1914 meli za Waingereza zilifika na askari wapatao 8,000, wengi wao kutoka India. Mjini palikuwa na kikosi kidogo. Majeshi ya Kamanda von Lettow-Vorbeck yalikuwa upande wa Moshi, zaidi ya kilomita 300 kutoka pwani. Akawapakia askari kwenye treni, kundi baada ya kundi. Njia ilikuwa moja tu, na ilipita Pongwe. Walishuka Kange, kati yetu na mji, wakaenda vitani.

Tarehe 4 askari takriban 1,000 waliwashinda wale 8,000. Hata nyuki waliochokozwa na risasi waliwavamia wapiganaji. Waingereza waliondoka wakiacha bunduki na risasi nyingi. Mji waliuteka Julai 1916.

Majemadari wa vita hivyo wameandikwa vitabuni. Waliochimba na kujaza tuta la reli, askari Waafrika waliopanda treni zile, na wapagazi waliobeba mizigo ya pande zote mbili, wengi wao hawajulikani kwa majina. Sanamu ya Askari ya Dar es Salaam, iliyowekwa mwaka 1927, inawakumbuka askari Waafrika na wapagazi waliotumikia upande wa Waingereza, bila kumtaja hata mmoja.

Kumbukumbu zao zimo majumbani mwetu, na wazee waliosimuliwa na babu zao wanazidi kupungua. Mwenye simulizi, picha au barua ya zamani aifikishe kwa viongozi wa umoja wetu. Na katika mchango wako wa mwaka huu, tenga kidogo kwa ajili ya kuwarekodi wazee hao. Shule na zahanati tutajenga hata mwakani. Mzee akiondoka, hatutampata tena wa kumuuliza.