Wajibu wa Mtumiaji katika Kupima Programu Huria: Sauti ya Kiswahili na Elimu ya Wasioona Lushoto

Mwaka 2007 Chuo Kikuu Kishiriki cha Sebastian Kolowa kilianza kufundisha Magamba, wilayani Lushoto, kikiipa elimu maalumu nafasi ya kwanza. Katika wilaya hiyohiyo, shule ya wasioona ya Irente ilikuwapo tangu miaka ya 1960. Wakati huohuo, mbali na milima ya Usambara, ziliundwa zana mbili huria zilizowahusu walimu na wanafunzi wa aina hiyo. Mwaka 2006 Michael Curran, raia wa Australia asiyeona, alianza kuunda NVDA, programu inayosoma kwa sauti maandishi ya kwenye skrini. James Teh, naye asiyeona, akajiunga naye. Hapo awali programu hiyo ilitumia kiunda-sauti eSpeak cha Jonathan Duddington, ambacho Kiswahili kilikuwa miongoni mwa lugha zake.

Programu hizo hutolewa bure, lakini hazina wapimaji wa kulipwa kwa kila lugha. Duddington mwenyewe alieleza kuwa lugha kadhaa zilikuwa rasimu tu, akawaomba wazungumzaji wazo wamrudishie masahihisho. Ombi hilo linaeleweka vyema kwa mfano wa neno "barabara". Mkazo ukiwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, neno humaanisha njia. Ukirudi nyuma silabi moja, humaanisha sawasawa. Maandishi hayaonyeshi tofauti hiyo. Vilevile, "ng" ya "ngoma" si "ng'" ya "ng'ombe". Hitilafu za namna hii hugunduliwa na sikio la mzungumzaji.

Kwa mwanafunzi asiyeona, hitilafu hiyo si usumbufu mdogo. Neno geni la sayansi likitamkwa vibaya, naye hana nakala ya breli ya kulinganisha, kosa la mashine hugeuka kuwa somo.

Hata hivyo, kumtwika mtumiaji mmoja mmoja wajibu huo si haki. Eric Raymond alidai mwaka 1997 kwamba macho yakiwa mengi, kila hitilafu hupatiwa ufumbuzi kwa urahisi. Hoja hiyo huchukulia kuwa mwenye jicho ana umeme, intaneti na Kiingereza cha kuandikia taarifa. Pale masharti hayo yanapokosekana, ukimya wa mtumiaji hauthibitishi kuwa programu ni nzima.

Historia ya Tanzania inaonyesha njia nyingine. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya ofisi kwa Kiswahili. Hapo taasisi ilisimama kati ya waundaji na watumiaji. Kwa elimu ya wasioona, nafasi hiyo inavifaa vyuo vinavyoandaa walimu, kama kile kilichoanzishwa Magamba: mwanafunzi hutaja alichokisikia, mwalimu hukiandika, chuo hukifikisha kwa waundaji. Wajibu wa kupima huwa wa pamoja pale tu njia ya kurudisha kosa inapokuwa ya pamoja.