Duka Kubwa na Duka Dogo: Historia Yatufundisha Nini?

Katika miji yetu, kama vile Lubumbashi, Kinshasa na Goma, mtu mwenye feza ya chakula aona milango miwili mbele yake. Mmoja ni mlango wa duka kubwa la mjini, lenye taa nyingi, mashine za baridi za kutunzia nyama, na bei iliyoandikwa juu ya kila kitu. Wa pili ni mlango wa duka dogo la mtaa, au meza ya mama auzaye unga kwa meka na mafuta kwa chupa. Wengine husema: «Duka kubwa ndilo maendeleo, madogo yatakufa tu.» Wengine hujibu: «Duka kubwa ni la matajiri, tuliache.» Maneno hayo yote mawili ni mafupi mno. Shindano hili limeonekana katika nchi nyingi kwa muda wa miaka zaidi ya mia, na sisi wenyewe tumelionja. Basi tuitazame historia kwanza, ndipo tuchague.

1. Asili ya duka kubwa

Hapo zamani, katika Ulaya na Marekani, duka la chakula lilikuwa na meza ndefu. Mnunuzi alisimama upande huu, muuzaji upande ule. Mnunuzi alisema: «Nipe sukari, nipe chumvi.» Mtumishi wa duka akaenda, akachota, akapima, akafunga katika karatasi. Kazi hiyo ilitaka watumishi wengi, na mishahara yao ilitoka katika bei ya vitu.

Mwezi wa Septemba 1916, katika mji wa Memphis, nchini Marekani, mfanya biashara jina lake Clarence Saunders alifungua duka liitwalo Piggly Wiggly. Aliiondoa meza ile. Mnunuzi alipita katika mlango wa kuzunguka, akashika kikapu, akajitwalia vitu mwenyewe, akalipa karibu na mlango wa kutokea. Watu walistaajabu, lakini walirudi, kwani bei ilikuwa ndogo.

Mwaka 1930 mtu mwingine, Michael Cullen, alifungua duka la King Kullen upande wa Queens, mjini New York, katika nyumba iliyokuwa gereji. Zilikuwa siku za taabu. Watu wengi walikuwa wamepoteza kazi, na kila senti ilihesabiwa. Vitu vilirundikwa kwa wingi, vikauzwa kwa bei ya chini. Mwaka 1937 Sylvan Goldman wa Oklahoma City alitengeneza kigari cha magurudumu cha kusukuma dukani, kusudi mnunuzi asichoke upesi na kikapu mkononi. Mwanzoni watu walikikataa. Ikambidi aajiri watu wa kusukuma vigari mle dukani, ili wengine waone na kuiga.

Je, bei ile ndogo ilitoka wapi? Haikuanguka kutoka mawinguni. Ilitoka katika mambo matatu. La kwanza: kazi ya kuchagua na kubeba ilihamishwa kutoka kwa mtumishi, ikawekwa juu ya mnunuzi. La pili: hakuna deni. Asiye na feza leo hali leo, hata akiwa mtu mwaminifu namna gani. La tatu: mwenye duka kubwa hununua vitu vingi mara moja, na kwa hiyo aweza kumlazimisha mwenye shamba au mwenye kiwanda ashushe bei yake. Yafaa tuyakumbuke mambo haya matatu kila tunapoona neno «bei rahisi» mlangoni.

2. Sheria zilijaribu kuzuia

Wenye maduka madogo hawakunyamaza. Huko Marekani, kampuni moja iitwayo A&P ilikuwa na maduka zaidi ya 15,000 karibu na mwaka 1930. Wadogo walilalamika kwamba hawawezi kushindana na jitu la namna hiyo. Mwaka 1936 Bunge la Marekani lilitunga sheria ya Robinson-Patman, iliyokataza viwanda kumpendelea mnunuzi mkubwa kwa bei isiyo ya haki mbele ya mnunuzi mdogo.

Ubelgiji, nchi iliyotutawala wakati ule, ilikwenda mbali zaidi. Mwaka 1937 ilitoa sheria ambayo watu waliiita sheria ya kufuli. Jina lake laonyesha kazi yake: maduka makubwa yalizuiwa kufungua nyumba mpya au kupanua zile za zamani. Ilisemekana kuwa ni sheria ya muda mfupi, lakini ilirefushwa tena na tena mpaka mwaka 1961. Na matokeo? Mwezi wa Desemba 1957, kufuli ingali mlangoni, kampuni ya Delhaize ilifungua huko Ixelles, karibu na uwanja wa Flagey, duka kubwa la kujichukulia. Kufuli ilipoondolewa, maduka makubwa yakaenea upesi katika nchi nzima, na madogo mengi yakafungwa.

Sheria ilimzuia mkubwa kwa miaka 24. Lakini kumzuia mkubwa si kumjenga mdogo. Sheria haikumfundisha mdogo kununua vizuri, kuandika hesabu, wala kushikana na jirani yake.

3. Tuliyoyaona sisi wenyewe

Sisi tulijaribu njia nyingine. Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza kwamba biashara za wageni, na maduka mengi pamoja nazo, zitapewa wenyeji. Wagiriki, Wareno na Wahindi waliokuwa na maduka katika miji na hata vijijini walinyang'anywa mali yao. Watu wengi walifurahi, na furaha ile yafahamika, maana wenyeji walikuwa wamefungiwa biashara kubwa kwa muda mrefu.

Lakini wengi waliopewa maduka hawakuchaguliwa kwa sababu ya ujuzi wa biashara. Walichaguliwa kwa sababu ya cheo au urafiki. Wengine waliuza vitu vyote vilivyokuwa ndani, wakala feza, wala hawakununua vingine. Wauzaji wa jumla nao hawakukubali kuwakopesha watu wasiowajua. Rafu zikabaki tupu, bei zikapanda, na mnunuzi maskini ndiye aliyeumia kuliko wote. Mwaka 1976 serikali ilikuwa inawaita wenye mali warudi.

Twajifunza hapa kwamba duka si nyumba na vitu vilivyomo tu. Duka ni ujuzi, ni hesabu, ni uaminifu kwa yule akuleteaye mzigo na kwa yule anunuaye. Mambo hayo hayanyang'anywi, wala hayagawiwi kwa amri.

4. Wakubwa nao huanguka

Labda mtu atasema: «Basi tuwaachie wakubwa, wao wana nguvu.» Tutazame Katanga. Tangu siku za Union Minière, wafanyakazi wa migodi walizoea kupewa posho. Baadaye Gécamines, kampuni ya serikali, iliendelea kuwagawia watu wake unga. Posho hiyo ilishibisha nyumba nyingi. Lakini ilikuwa mlango mmoja tu. Mwezi wa Septemba 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka. Kampuni iliyokuwa ikitoa shaba zaidi ya tani 400,000 kwa mwaka katika miaka ya 1980, haikufikisha tani 50,000 mwaka 1994. Mishahara ikachelewa, na unga ukapungua pamoja nayo. Tena, mwaka 1991 na mwaka 1993, maduka makubwa na maghala ya miji mbalimbali yalitekwa nyara. Ni nani aliyelisha jamaa siku zile? Ni mama mwenye meza mbele ya nyumba, ni kijana wa baiskeli aliyepakia unga na makaa kutoka vijijini. Hawakuwa na taa wala mashine za baridi, lakini walikuwako.

Jirani zetu wa mashariki wana mfano mwingine. Nakumatt, duka kubwa la Kenya, lilikuwa na matawi kama 60 katika Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda, na watu wa Goma waliofika Kigali walilijua. Tumesema duka kubwa halimkopeshi mnunuzi. Kumbe lenyewe hukopa! Huchukua maziwa, mboga na mikate leo, na kulipa baada ya siku nyingi. Nakumatt ilipanuka kupita nguvu zake. Kuanzia mwaka 2017 rafu zilikuwa tupu, na mwezi wa Januari 2020 watu walioidai walipiga kura ifungwe. Iliacha deni la mabilioni ya shilingi. Mama wa mtaa akianguka, jirani zake huumia. Mkubwa akianguka, huumia nchi nzima.

5. Njia ya tatu

Basi, kama kufuli haikuwaokoa wadogo, na kama kunyang'anya kuliharibu, kuna njia gani? Historia yatuonyesha njia moja iliyodumu: wadogo kushikana mikono.

Katika mji wa Rochdale, nchini Uingereza, wafuma nguo waliishi kwa taabu. Maduka mengi ya wakati ule yaliuza unga uliochanganywa na vitu vibaya, na kipimo chake hakikuaminika. Wengi walikaa siku zote katika deni la mwenye duka, hata hawakuthubutu kulalamika. Ndipo watu 28 wakaanza kuchanga senti chache kila juma, mpaka wakapata paundi 28. Tarehe 21 Desemba 1844 walifungua duka lao katika njia iitwayo Toad Lane. Lilikuwa na nini? Siagi, sukari, unga wa ngano, unga wa shayiri, na mishumaa michache. Basi. Watu waliwacheka.

Lakini walikuwa na sheria zao: kipimo cha haki, vitu safi visivyochanganywa, malipo ya papo hapo, kura moja kwa kila mwanachama, awe amechanga kidogo au kingi. Na faida? Iligawiwa wanachama kwa kadiri ya manunuzi yao. Aliyenunua zaidi alirudishiwa zaidi. Kutoka duka lile dogo ushirika ulienea katika nchi nyingi za dunia.

Na wenye maduka wenyewe waliweza kufanya hivyo. Mwaka 1932, huko Uholanzi, muuzaji wa jumla jina lake Adriaan van Well aliunganisha wenye maduka madogo chini ya jina moja, De Spar. Kila herufi ya jina hilo ilikuwa mwanzo wa neno la Kiholanzi, na maneno yote pamoja yalisema kwamba kwa ushirikiano wa umoja wote hupata faida daima. Kila mtu alibaki mwenye duka lake, lakini walinunua pamoja kama mtu mmoja mkubwa. Leo jina la Spar laonekana katika nchi zaidi ya 40.

Jambo hili si geni kwetu. Likelemba twaijua sote: watu kumi wachanga, mmoja apokea, kesho mwingine. Watu wa Rochdale walifanya kitu kilicho karibu na likelemba, ila hawakumpa mtu mmoja feza ile. Waliigeuza kuwa unga wa wote.

6. Basi tuchague namna gani?

Kwanza, tujue kuhesabu. Duka kubwa huuza kwa kilo, mama huuza kwa meka. Upime siku moja nyumbani meka yako ina gramu ngapi, ndipo utajua ni nani mwenye bei ndogo. Mara nyingine utaona kwamba maskini anunuaye kidogo kidogo alipa zaidi kuliko tajiri anunuaye mfuko. Na kopo lililobonyezwa chini ni wizi, hata likiwa mkononi mwa jirani.

Pili, jamaa tano wachange, wanunue mfuko mmoja wa kilo 25 kwa bei ya jumla. Kila nyumba itapata kilo 5 kwa bei ya mwenye feza nyingi. Haba na haba hujaza kibaba.

Tatu, deni la mtaa ni kitu cha heshima. Yule mama aliyekupa unga siku mtoto alipokuwa mgonjwa na mshahara haujafika, usimkimbie siku unapopata feza. Watu wengi hukopa mtaani, na feza taslimu waipeleka mjini. Tukifanya hivyo, duka la mtaa litakufa, na si duka kubwa lililoliua; ni sisi. Siku ya shida, mlango wa taa nyingi hautatufungulia bila feza.

Nne, ninyi wenye maduka madogo, mnunue pamoja. Kumi wakienda pamoja kwa muuzaji wa jumla, atawasikiliza; mmoja akienda peke yake, atangojeshwa mlangoni. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Hatusemi mtu asiingie katika duka kubwa. Kuna vitu ambavyo lenyewe tu laweza kuvitunza vizuri, na bei iliyoandikwa wazi ni jambo jema ambalo wadogo wangefaa kuliiga. Twasema tu kwamba feza ya chakula ni kura tunayopiga kila siku. Mtaa wenye milango mingi hauogopi mmoja wake ukifungwa. Basi tutoe feza yetu kwa namna ambayo kesho pia tutakuta zaidi ya mlango mmoja wazi.